Vyuo vidogo vya Marekani havikuzalisha wachungaji tu

Wengine hudhani vyuo vidogo vya zamani vya Marekani vilizalisha wachungaji tu. Hapana, vilifanya zaidi ya hapo. Mfano mzuri ni Dartmouth, chuo cha Hanover, katika jimbo la New Hampshire, kilichopata hati yake ya kuanzishwa 1769. Mwaka 1778 miji 16 ya upande wa mashariki wa mto Connecticut ilijitoa New Hampshire ikajiunga na Vermont, jirani iliyokuwa imejitangazia uhuru wake, na walioongoza harakati hizo walikuwa watu wa chuo. Eneo la chuo lilijipa hata jina lake, Dresden! Vermont iliiacha miji hiyo 1779, ikaipokea tena 1781, kisha 1782 ikaiacha kabisa baada ya George Washington kuiandikia.

Ila chuo peke yake kisingetosha. Wakazi wengi wa miji hiyo, pamoja na mwanzilishi wa chuo Eleazar Wheelock, walitoka jimbo la Connecticut, hivyo jamaa zao walikuwa kusini kwa njia ya mto, si pwani kwenye serikali ya New Hampshire. Halafu New Hampshire ilikuwa ikiunganisha miji midogo kadhaa kwa mjumbe mmoja bungeni, na hilo ndilo lililowachoma. Chuo kiliwapa kitovu na watu wa kuandika hoja zao.

Usichanganye na ile kesi ya Dartmouth ya 1819 katika mahakama ya juu ya Marekani, hiyo ilihusu hati ya chuo.