Conan hakukulia utumwani

Je, Conan, yule shujaa wa hadithi za kubuni, alikulia utumwani? Hapana, ule utumwa wa utotoni, kusukuma gurudumu miaka nenda rudi baada ya kijiji kuteketezwa, ni wa filamu ya 1982, Conan the Barbarian. Kwa mwandishi mwenyewe, Robert E. Howard wa Texas, Conan ni Mcimmeria (mtu wa Cimmeria, nchi ya kubuni) aliyezaliwa vitani, kabila lake likipigana na wavamizi wa watu waitwao Vanir. Baba yake alikuwa mhunzi (hapo filamu haikukosea), na babu alitoka kabila la kusini, akakimbia kwa sababu ya kisasi cha damu.

Mengi ya haya yamo kwenye barua ambayo Howard alimwandikia P. Schuyler Miller, shabiki wa hadithi zake, Machi 1936, miezi mitatu kabla ya kufariki. Humo anasema Conan alishiriki kuibomoa ngome ya Venarium akiwa na miaka 15 tu, tayari ana urefu wa futi sita na uzito wa ratili 180, yaani kilo 82 hivi. Mtoto huyo!

Angalizo moja: Wahyperborea, watu wengine wa ulimwengu huo wa kubuni, walimteka kweli, lakini alikuwa kijana aliyekwisha kupigana nao bega kwa bega na kabila la Waaesir, na aliwatoroka akaelekea kusini hadi nchi ya Zamora.

Ukisoma hadithi pekee hutayapata yote, maana ya kwanza kuchapwa, Desemba 1932 katika jarida la Weird Tales, inamkuta tayari mfalme wa nchi ya Aquilonia. Tena hiyo yenyewe iliundwa upya kutokana na hadithi ya Kull, shujaa mwingine wa Howard, iliyokosa mnunuzi.