Kuongeza Nguvu ya Gari Lenye Dhamana

SWALI: Gari langu bado lina dhamana ya mtengenezaji. Je, nikibadilisha ekzosi na kurekebisha programu ya kompyuta ya injini, dhamana yote itafutika?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kawaida mtengenezaji hukataa tu kugharimia hitilafu iliyosababishwa na mabadiliko hayo. Nchini Marekani, kwa mfano, Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza kwa jumla kukulazimisha utumie vipuri vya chapa yake ili dhamana idumu, isipokuwa akivitoa bure.

Ekzosi hainitii shaka sana, mradi kikatalisti, yaani kifaa kinachosafisha moshi ndani ya ekzosi, kisiguswe. Penye hatari ni programu: ikiongeza shinikizo la turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), pistoni, klachi na giaboksi hubeba mzigo zaidi, na hata ukirudisha programu ya awali, kompyuta za magari mengi huhifadhi kumbukumbu ya kuandikwa upya, ambayo fundi wa wakala huisoma kwa dakika chache. Kwa hiyo, muulize wakala kwa maandishi kama mtengenezaji ana vifaa alivyoviidhinisha, uvifungishe kwake, na utunze risiti pamoja na vipuri vya zamani. Programu ya fundi wa nje, kwa maoni yangu, isubiri dhamana iishe.