Mabango ya mtaa yaliyochorwa na wasanii wenye ulemavu: yaliyotukuta sisi Iringa

Kamwene wakuu. Nimeusoma uzi huu tangu juzi nikawa najizuia, maana nikianza kuandika huwa simalizi. Mleta mada ana vijana wenye ulemavu wanaochora, ameona picha za wenzao wa California, naye anataka mtaa wake uwe na mabango ya sehemu ambazo watu wanazipenda. Ameuliza nani achague hizo sehemu, uchapaji unaendaje, na kama bango liandikwe kwamba mchoraji ni mlemavu "ili watu waguswe". Hilo la mwisho ndilo lililonitoa uvivuni, ila nitalifikia.

Mimi ni mchora mabango ya maduka hapa Iringa mjini. Polio ilinipitia utotoni, natembea kwa magongo. "Supu Ipo", "Vocha Zote", "Kinyozi wa Kisasa", ukipita mtaani kwetu umesoma mwandiko wangu hata kama hunijui. Mwaka 2018 tulijikuta watu sita tunakutana nyuma ya banda langu kila Jumamosi: dada mmoja kiziwi, kijana mwenye usonji pamoja na mama yake, jamaa mwenye ualbino, mama mmoja wa mkono mmoja, bwana wa baiskeli ya magurudumu matatu, na mimi. Mama wa kijana simhesabu, yeye alikuja na chai. Hatukuwa mradi wa mtu. Na mjini hapa si sisi tulioanza: Neema Crafts, karakana na mgahawa wa watu wenye ulemavu, wapo tangu 2003, na mtu wa Iringa kumwandikia mhudumu kiziwi oda ya kahawa kwenye karatasi si jambo la kumshangaza.

Tuanze na nani achague. Sisi tulikosea. Tulimwendea mwenyekiti wa mtaa, mtu mwema kabisa, akatupa orodha papo hapo: Boma, Soko Kuu, jiwe la Gangilonga, mnara. Sehemu za heshima, za kuonyesha wageni. Tukachora wiki tatu na kazi zote zikatoka kama kadi za posta. Kijana wetu ndiyo kwanza alikataa hata kushika penseli.

Jumamosi ya nne nikauliza swali jingine: siku ambayo huna kazi, miguu yako inakupeleka wapi? Bwana wa baiskeli akanitazama akasema, "Miguu ipi, mkuu?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika, na kazi ikaanza siku hiyo.

Dada kiziwi akasema mashine ya kusaga. Nilidhani nimeisoma vibaya ishara yake, maana mashineni ndipo penye kelele kuliko pote mtaani. Tukaenda wote. Mle ndani mashine ikiunguruma hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo kila mtu anaongea kwa mikono. Mteja ananyoosha vidole kuonyesha idadi ya sado. Akisugua dole gumba kwenye kidole cha shahada, anataka unga laini. Akizungusha kiganja, anataka mahindi yakobolewe kwanza. Mwenye mashine anajibu kwa nyusi, nazo ni nyeupe kwa unga. Dada alisimama katikati yao kama mwenye nyumba. Akaniambia anapenda kuja hata asipokuwa na mahindi, na kwamba injini anaisikia nyayoni. Bango lake lina watu tisa kwenye foleni na hakuna hata mmoja mwenye mdomo. Nikamuuliza mbona midomo umeisahau. Akajibu kwa mikono: pale midomo haina kazi.

Ofisi ipi ingeweza kukuandikia hiyo kwenye orodha?

Kijana alichora stendi ya mjini, ile iliyotumika kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Igumbilo. Basi moja tu, ubavuni, na kila dirisha limehesabiwa. Niliposema madirisha yamezidi alinipa mgongo. Mama yake akatafuta picha ya basi lile kwenye simu, tukahesabu: yako sawasawa. Tangu hapo sikumsahihisha tena mtu.

Mwenye ualbino alichagua barabara yenye mijakaranda, Oktoba, maua yamedondoka chini. Hapa kuna la kujifunza kwa mleta mada: usimpangie kikao cha kuchora nje saa sita mchana. Yeye alikuwa akienda saa kumi na mbili asubuhi na jioni jua likilala, kofia pana kichwani. Macho yake hayaoni mbali, anaikaribisha karatasi mpaka pua inakaribia kuigusa. Mwanzo nilimpa karatasi ndogo nikidhani namrahisishia. Alipopata manila nzima ndipo mkono ulipofunguka, ua moja limekaa ukubwa wa sahani. Anavyoliona ndivyo alivyolichora.

Mimi nilibaki na Gangilonga, kwa ubishi. Mnajua kwa Kihehe jina lenyewe ni jiwe linaloongea, na wazee husimulia habari za Mkwawa kwenye jiwe lile. Kila picha utakayoiona imepigwa juu, mji wote umelala chini. Mimi juu sijawahi kufika. Tangu mtoto wenzangu walikuwa wanapanda, mimi nabaki chini nikiwalindia viatu. Kwa hiyo nilichora jiwe kutoka chini, kubwa, limeziba mbingu, na chini kabisa jozi nane za viatu zimepangwa. Watu wanalipenda bango hilo, na wengi hawajaniuliza kuhusu viatu.

Bwana wa baiskeli alichora kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mwenyekiti wa mtaa akakunja uso, akasema hiyo si taswira nzuri. Tulikubaliana litundikwe kilabuni kwenyewe, si ofisini, na ndilo lililoisha nakala mapema kuliko yote.

Mabango yote yalipopangwa ukutani, mama wa mkono mmoja, ambaye yeye alichora genge la jirani yake, akasema, "Mmeona? Hakuna hata moja lenye ngazi." Kweli. Bila kupanga, kila mmoja alikuwa amechagua sehemu anayoingia bila kubebwa. Tukalijadili hilo jioni nzima, na genge likapata mteremko wa zege wiki mbili baadaye kwa sababu mwenye genge alikuwepo akisikiliza.

Kuhusu wale wa California: nilisoma habari zao. ni karakana za sanaa za watu wenye ulemavu, Creative Growth ya Oakland ilianza 1974, Creativity Explored ya San Francisco 1983, na waanzilishi ni mume na mke wale wale, Elias Katz mwanasaikolojia na Florence Ludins-Katz msanii. Ilikuwa enzi ambayo kule walikuwa wanawatoa watu kwenye taasisi kubwa walikofungiwa miaka mingi, na hapakuwa na pa kuwapeleka mchana. Msanii wao Judith Scott, kiziwi na mwenye hali ya Down, aliishi kwenye taasisi zaidi ya miaka 30 kabla pacha wake hajamchukua. Alipofika Creative Growth alikaa karibu miaka miwili bila hamu ya kuchora chochote, mpaka alipokutana na nyuzi, na kuanzia hapo hakusimama hadi alipofariki 2005. Kwa hiyo mleta mada, ukisema "kijana mmoja hafanyi kitu wiki ya pili sasa", mpe benchi, mpe chai, subiri.

Uchapaji. Awamu ya kwanza nilichapa kwa printa ndogo ya ofisini kwa rafiki yangu, tukatundika Desemba. Wino wa printa zile ni wa maji na Desemba ni ya mvua. Siku ya tatu mijakaranda ilikuwa inatiririka ukutani kama juisi ya zabibu. Msinicheke.

Awamu ya pili tulichapa wenyewe kwa fremu. Fremu ya mbao, kitambaa chembamba cha nailoni kimevutwa kikaze kama ngoma. Umbo la kila rangi unalikata kwa wembe kwenye filamu ya eksirei ya zamani, haivimbi ikilowa. Unaweka rangi nzito juu, unaikokota kwa kipande cha mpira mgumu kilichobanwa kwenye ubao. Rangi tatu basi, ukizidisha mistari haikutani na utalia. Kila mchoro tulitoa nakala 40 kwenye manila nyeupe.

Shida ilikuwa kwamba fremu inataka mkono wa kushika na mkono wa kukokota. Fundi seremala wa jirani akatuwekea bawaba mbili, fremu ikafungwa kwenye meza, unaifunua na kuifunga kama mlango. Mama wa mkono mmoja akawa ndiye mchapaji mkuu, na mimi nikiegemea gongo nikawa mwanika karatasi kwenye kamba. Mabango ya nje tuliyapaka vanishi. La mashineni linalowa unga badala ya mvua, dada hulipangusa kwa pindo la kitenge kila akipita.

Kabla ya kutundika andika barua kwa mtendaji, ongea na mwenye ukuta. Haichukui muda.

Sasa lile la tatu. Awamu ya kwanza chini ya kila bango tuliandika "Kazi ya msanii mlemavu". Tukatandika meza karibu na soko, bei shilingi 5,000. Watu walikuja, wakasoma, wakatoa 500 au 1,000 wakaniwekea mkononi: "Chukua tu, Mungu atakujalia." Kisha wakaondoka na bango wameliacha mezani! Tulirudi na hela kidogo na mabango yote. Dada kiziwi alikasirika kuliko sisi wote.

Wiki iliyofuata tukaikata ile sehemu ya chini kwa rula na wembe. Mabango yale yale, meza ile ile, yameandikwa jina la mahali, jina la msanii, mtaa na mwaka. Mteja wa kwanza alishika la kilabu akaniuliza, "Hii shilingi ngapi? Elfu tano? Acha hizo, chukua tatu." Wakuu, nilifurahi. Tulivutana pale kama dakika kumi, akalipa 4,000 na akaondoka nalo chini ya kwapa. Siku hiyo watu walisema stendi imekosewa rangi, mmoja akasema jiwe langu linafanana na kiazi. Hakuna aliyetaja mguu wangu.

Baadaye shirika moja likaomba michoro kwa ajili ya kalenda. Tukawapa, bila maandishi, ndilo kosa letu. Kalenda ilipotoka, michoro ilikuwa midogo kama stempu na picha kubwa ilikuwa ya magongo yangu. Tangu hapo hakuna mchoro unaotoka bila karatasi iliyosainiwa. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 kazi ni yako tangu unapoichora, na kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia ukidaiwa ushahidi. Kwa kijana wetu mama yake husaini pamoja naye, lakini anaulizwa yeye, akiwepo, na akigeuza mgongo ina maana hapana.

Ila usifanye kuficha kuwa sheria nayo. Dada kiziwi anachora kiganja kidogo kando ya jina lake kwenye kila kazi. Anayejua atajua. Hiyo aliamua mwenyewe.

Hela: 60 kwa 100 ya mauzo ni ya mchoraji, iliyobaki ni rangi na karatasi. Ukitaka mtaji, ulizia halmashauri yako ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Uwe na kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa kwenda na kurudi.

Vipimo vya ile meza yenye bawaba ninavyo kwenye daftari. Anayevitaka aseme hapa, Jumamosi nitaipiga picha ikiwa haijafunikwa na manila.