Maulidi ya Lamu mkiwa na watoto wadogo

Dada, umeuliza lini ni Maulidi, na kama nyinyi mliohamia Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, kutoka Ujerumani mtaruhusiwa kuhudhuria. Karibuni sana, mtapokewa. Ni Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiulawal, kitovu kikiwa Msikiti wa Riyadha, na kilele huwa mwishoni mwa mwezi. Tarehe ya mwaka jana usiitumie: mwezi mwandamo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka.

Mavazi ni rahisi. Doti moja ya leso yatosha, kipande kiunoni, kingine kichwani.

Kwenye mashindano ya punda ndipo pa kuangalia watoto. Punda hupita kasi mbele ya mji, watu husukumana kuwapisha, na aliyesimama ukingoni mwa gati huweza kuishia majini. Wapandisheni barazani, mapema, kabla hazijajaa. Vichochoroni, ukisikia punda nyuma yako, jibanze ukutani. Akibeba shehena hageuki upesi.

Kurudi Shela usiku, patana nauli ya boti kabla ya kupanda. Mkipendelea miguu, ulizeni maji kwanza: yakijaa, sehemu za njia ya ufukoni hufunikwa.