Cheti kidogo kithibitishe nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja mkoani Mtwara. Mwaka jana tuliendesha kozi ya siku tano kwa watunza ghala na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, na kila aliyehudhuria alipewa cheti. Sasa wanalalamika kwamba viongozi wao hawavithamini vyeti hivyo. Tumeagizwa kuandaa vyeti vidogo vya umahiri, yaani vyeti vya mafunzo mafupi vinavyotolewa baada ya mtu kupimwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Mkufunzi, anzeni na upimaji, kisha masomo yafuate. Ufafanuzi wa UNESCO wa mwaka 2022 unataka cheti cha aina hii kithibitishe kile ambacho mwanafunzi anakijua au anaweza kukifanya, baada ya kupimwa kwa viwango vilivyo wazi. Cheti mlichokitoa kilithibitisha mahudhurio tu, na kwa maoni yangu viongozi hao walikuwa na haki ya kukitilia shaka.

Kwa mtunza ghala, upimaji uwe ghalani: achome gunia la korosho kwa bambo, atoe sampuli, apime unyevu, apange daraja na ajaze stakabadhi ipasavyo, mbele ya mtahini ambaye hakumfundisha. Fundisheni Julai na Agosti, jioni au Jumamosi, kisha mpimeni msimu ukishafunguliwa, kwa kuwa minada inapoanza mwezi Oktoba hakuna atakayeacha kazi aje darasani, ilhali kazi yenyewe ndiyo mtihani bora kuliko wowote mtakaoutunga. Aliyefanya kazi hiyo miaka kumi aruhusiwe kupimwa moja kwa moja. Kumlazimisha asikilize mihadhara ya mambo anayoyajua ni kumvunjia heshima.

Suala la krediti, yaani kipimo cha kazi ya kujifunza kinachoweza kuhesabiwa katika programu kubwa zaidi, lisiachwe mwisho. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwamo za kujisomea na za mazoezi, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Hivyo cheti cha saa 40 ni krediti 4. Kabla ya kutangaza kozi, mamlaka ya taaluma chuoni iamue kwa maandishi ni programu ipi itakayozipokea krediti hizo, la sivyo mtu mzima atakusanya vyeti visivyomfikisha popote. Nyuma ya cheti chapisheni kazi alizopimwa, saa na namna ya upimaji, kwa Kiswahili ambacho katibu wa chama atakielewa bila kuwapigia simu.