Jibu: Mama ana kisukari, sasa hataki kula wala kuongea

Habari ndugu wa Kasulu, na pole sana. Nimekusoma: mama ana kisukari mwaka wa 6, dawa zipo ndani, lakini tangu mwezi uliopita anashinda kitandani, sukari inapanda, na ndugu wanasema anadeka. Hadeki.

Nilimuuguza baba hapa Ujiji kwa ugonjwa huohuo. Sahani ya migebuka ya mawese, chakula chake cha siku zote, ilipoa mbele yake naye kageukia ukutani. Daftari lake la sukari lilikuwa na siku 11 tupu. Tukamgombeza kuhusu dawa, kumbe ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa. Aliyekata tamaa haoni sababu ya kumeza kidonge.

Kwanza mpime sukari palepale anapolegea, maana ikishuka au ikipanda sana nayo humlegeza mtu. Kliniki waulize kama ana upungufu wa damu. Kisha tamka wazi: "Naomba apimwe sonona." Kuna maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, akifikisha alama 10, afuatiliwe. Usipotamka, wataongeza dozi ya dawa za sukari mrudi nyumbani. Sisi ndivyo ilivyotukuta.

Akipewa dawa ya sonona, nafuu huchukua wiki kadhaa. Baba alitaka kuacha siku ya 5, ikabidi nikae naye kila jioni.

Akisema amechoka kuishi, msingoje siku ya kliniki. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.