Una Miaka 25 na Bakhendi Mbovu? Msikilize Huyu Kocha

Juzi kijana mmoja wa Morogoro anayecheza tenisi kaniandikia: "Kocha, fohendi ninayo, sevu ninayo, lakini hapa kiwanjani kila mtu anajua kwamba akinipigia upande wa bakhendi, nimekwisha. Nina miaka 25. Nimeshachelewa? Niache tu?"

Usiache. Kwa asiyeujua mchezo: fohendi ni kuupiga mpira upande wa mkono ulioshika raketi, bakhendi ni upande wa pili, na sevu ni mpigo wa kuanzisha. Nakujibu hapa hadharani maana najua wenzako wengi wana swali hilo hilo na wanaona haya kuliuliza.

Nataka umjue Bill Tilden, Mmarekani wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1893. Leo akitajwa, hutajwa kwa makombe: ubingwa wa Marekani mara 7 na ule wa Wimbledon, Uingereza, mara 3, wachezaji mmoja mmoja. Watu hawaulizi alikuwa wapi kabla ya kufika umri wako. Nakwambia: hakuwa popote. Alikuwa akifundisha tenisi vijana wa shule aliyosoma mwenyewe, na katika mashindano makubwa walikuwapo wengi waliomzidi. Baba yake na kaka yake walifariki mwaka mmoja, 1915, mama alishatangulia. Ndipo akaushika mchezo kama mtu asiye na kingine cha kushika.

Mwaka 1918 akafika fainali ya Marekani, akafungwa. Mwaka 1919 akafika tena, pale Forest Hills, New York, akakutana na Bill Johnston wa California. Johnston alikuwa mfupi, mwembamba, lakini fohendi yake ilikuwa moto. Akaona bakhendi ya Tilden ni ya kukata tu: mpira unakwenda polepole, unaelea, haumuumizi mtu. Basi akamwelekezea huko huko. Seti tatu kavu: 6-4, 6-4, 6-3. Tilden akiwa na miaka 26, mbele ya umati wa watu, kasoro yake imeanikwa.

Hapo wengi wetu tungeiboresha fohendi ili ifunike aibu ya upande wa pili. Yeye alifunga safari hadi Providence, Rhode Island, kwa mtu wa bima aliyeitwa Jones, ambaye alikuwa na kiwanja cha ndani, jambo adimu wakati ule. Akapewa kazi ya bima, akawa anamfundisha tenisi mtoto wa kiume wa Jones, na majira yote ya baridi akaijenga bakhendi upya. Ile ya kukata aliiweka kando, akajifunza ya kuusukuma mpira kwa nguvu, raketi ikipita moja kwa moja mbele ya mwili.

Kiangazi cha 1920 akavuka bahari kwenda Wimbledon. Akambwaga Gerald Patterson wa Australia, bingwa mtetezi, ambaye naye, tazama mambo, udhaifu wake ulikuwa bakhendi. Tilden akawa Mmarekani wa kwanza mwanamume kutwaa ubingwa ule peke yake, ana miaka 27. Mwezi Septemba akakutana tena na Johnston, Forest Hills ile ile, wakapigana seti tano, Tilden akashinda. Tangu hapo hadi 1925 taji la Marekani halikutoka mikononi mwake.

Sasa nije kwangu, maana kijana ameniuliza mimi.

Mimi nilianza kwa kuokota mipira kwenye klabu moja ya Dar es Salaam. Kucheza tuliruhusiwa saa za jua kali tu, wanachama wakiwa wamekwenda kula. Raketi yangu ilikuwa imepasuka mpini, nimeifunga plasta ya hospitali, na mipira tuliyopewa ilikuwa vipara, manyoya yameisha. Siku moja mwanachama mmoja alinitazama nikipiga bakhendi, akawaambia wenzake kwa sauti, nisikie: "Huyu mwacheni aendelee kuokota." Wakacheka. Ni miaka mingi sasa, na bado nikipita geti lile kifua kinabana. Simung'unyi maneno, liliniuma na linaniuma.

Nyuma ya maegesho ya magari palikuwa na ukuta. Nilichora mstari wa chaki usawa wa wavu, nikawa napiga bakhendi tu, jioni hadi jioni. Kilichonifungua ni kitu kidogo: nilikuwa nauacha mpira unifikie ubavuni. Nilipoanza kugeuza bega mapema na kuukuta mpira mbele ya mguu wa kulia, mlio wenyewe ulibadilika. Leo watoto wa klabu ile ile wananiita kocha, na wanapokwenda mashindanoni ni bakhendi zao zinazosifiwa. Najivunia hilo, na nina haki ya kujivunia.

Vijana, acheni kukimbilia mnachokiweza! Ukipata saa moja ya kiwanja, nusu yake na zaidi upe upande mbovu. Utafungwa na watu uliokuwa ukiwafunga, kubali kufungwa.

Kuna jambo siwezi kulipita, maana mimi ni kocha wa watoto. Mwaka 1946 Tilden alikamatwa kwa kosa lililomhusu mvulana mdogo, akafungwa jela, na baadaye akafungwa tena. Simsafishi. Ninachokichukua kwake ni kazi ya ile baridi ya Providence, basi.

Na kazi ile haikuisha. Mwishoni mwa 1922 alijikwaruza kwenye uzio wakati wa mchezo, kidole cha kati cha mkono wa kulia kikaoza, madaktari wakakata sehemu yake ya juu. Mkono wa raketi! Akajifunza kushika mpini upya, na 1923 akawa bingwa tena.

Kwa hiyo, kijana wa Morogoro, tafuta ukuta kesho. Chora mstari wako wa chaki. Geuza bega kabla mpira haujadunda, upige mbele ya mguu, na usihesabu kasi kwanza, sikiliza mlio. Ukija Dar niambie mapema. Kabla ya saa moja asubuhi kiwanja huwa kitupu, nami nitakupigia bakhendi mpaka uombe maji.